Nchi Jirani: Kidonge cha Mtoto na Nidhamu ya Nyumbani



Nchi jirani zinapotajwa katika mazungumzo ya namna hii, mara nyingi hutajwa kwa habari za mipaka, biashara, wakimbizi au mikutano ya wakuu. Mazungumzo ya leo yanahusu jambo dogo kuliko hayo kwa umbo, lakini si dogo kwa uzito. Yanahusu kidonge anachomeza mtoto mgonjwa, jioni, nyumbani kwao, baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Nchi inayotoa somo hilo ni Uganda, na mahali penyewe ni kilima cha Mulago mjini Kampala.

Watu wengi bado wanaamini kwamba saratani ni ugonjwa wa wazee, na kwamba mtoto akiipata basi ameshapotea. Imani zote mbili si za kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, wa umri usiozidi miaka 19, hupata saratani. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya 80 katika kila 100. Katika nchi nyingi maskini hupona pungufu ya 30 katika kila 100. Ugonjwa ni ule ule, na dawa nyingi ni zile zile, nyingine zikiwa zimetumika kwa zaidi ya nusu karne. Tofauti inatokana na kuchelewa kufika hospitali, ugonjwa kutotambuliwa mapema, upungufu wa dawa, na matibabu kukatizwa katikati. Sababu hiyo ya mwisho haimhusu daktari peke yake. Inaihusu kila nyumba yenye mtoto mgonjwa, zikiwamo nyumba za kambini na kota za polisi.

Uganda ina haki ya kusikilizwa katika jambo hili kwa sababu ilianza zamani. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya, pande zote mbili. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo katika hospitali ya Jinja. Akaanza kupekua majalada ya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya gari ya maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita pia Tanganyika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamepata kuwaona watoto wenye uvimbe wa aina hiyo. Walichogundua ni kwamba ugonjwa huo hukaa zaidi katika maeneo ya joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi.

Kisu cha daktari hakikufaa kitu mbele ya uvimbe huo, kwa maana ulikuwa umekwisha kuenea mahali pengi mwilini. Dawa ndizo zilizofaa. Madaktari wa Kampala na wa Nairobi waliona kwa macho yao taya lililovimba likirudi katika hali yake ndani ya siku chache. Mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kikafunguliwa kituo maalumu hapo Mulago. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mwaka 1972, chini ya utawala wa Idi Amin, wataalamu wengi wa kigeni waliondoka Uganda. Ingelikuwa rahisi kituo kile kufa. Hakikufa. Daktari Charles Olweny, mwananchi wa Uganda, alishika uongozi, na yeye pamoja na wauguzi waliobaki wakaendelea kutibu watoto katika miaka migumu. Kampala hiyo ndiyo waliyoingia wanajeshi wa Tanzania mwezi Aprili 1979, na wako wastaafu wanaoyakumbuka maduka matupu na zahanati zisizo na dawa. Anayeikumbuka hali hiyo ataelewa maana ya kuendelea kumtibu mtoto wa saratani katikati yake.

Tangu mwanzo wafanyakazi wa Mulago walitambua kwamba kazi yao haikwishia mlangoni pa wodi. Mtoto aliyepewa ruhusa na asirudi kwa tarehe aliyopangiwa alikuwa katika hatari. Kwa hiyo walipanda magari na kwenda vijijini kumtafuta, wakiuliza njia kwa wenyeji, mpaka walipomkuta. Elimu hiyo bado ni kweli leo, nayo ni hii: hospitali huanza kuponya, na nyumba ndiyo inayokamilisha au kuharibu.

Saratani ya Burkitt hukua kwa kasi kubwa, na matibabu yake, ambayo mengi ni ya kudungwa mshipani, huchukua miezi michache. Hata hivyo, mtoto huyo naye hupewa vidonge vya kuzilinda figo zake, kwa kuwa uvimbe unapoyeyuka haraka huacha taka nyingi katika damu. Iko saratani nyingine ya watoto ambayo safari yake ni ndefu zaidi, nayo ni saratani ya damu. Aina inayowapata watoto wengi hutibiwa kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu. Miezi ya kwanza ni ya hospitali: sindano, maji ya mshipani, vipimo vya uti wa mgongo. Baada ya hapo huja kipindi kirefu ambacho dawa nyingi hunywewa nyumbani. Dawa iitwayo merkaptopurini humezwa kila siku. Dawa iitwayo metotreksati humezwa mara moja tu kwa wiki.

Merkaptopurini si dawa ngeni. Ilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Gertrude Elion pamoja na George Hitchings, ambao mwaka 1988 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya dawa za namna hiyo, mtoto mwenye saratani ya damu alihesabiwa majuma au miezi. Leo, katika nchi zenye uwezo, watoto wapatao 90 katika kila 100 wenye aina hiyo ya saratani huishi. Lakini huishi kwa sababu dawa humezwa.

Hapa pana hesabu ambayo kila mzazi apaswa kuijua. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watoto waliokuwa wakimeza merkaptopurini nyumbani. Chupa za dawa zilifungwa vifuniko vyenye chombo kidogo cha kuandika kila mara kifuniko kilipofunguliwa. Ikaonekana kwamba watoto waliomeza pungufu ya 95 katika kila dozi 100 walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi mara mbili na nusu na zaidi kuliko wenzao. Yafaa kuigeuza hesabu hiyo kuwa ya siku. Katika mwezi wa siku 30, mtoto aliyekosa dawa siku mbili tu amekwisha kushuka chini ya mstari huo. Watafiti wakaona pia kwamba baadhi ya familia zilitaja siku nyingi za kumeza dawa kuliko zile zilizoandikwa na kifuniko. Si kwamba watu hao walikuwa waongo. Walisahau, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka humpendelea mwenyewe.

Kwa nini dozi hukoswa? Wauguzi wa watoto, iwe Kampala au Dar es Salaam, wanazijua sababu. Kwanza, mtoto huonekana amepona. Nywele zimeota, anacheza mpira, amerudi shule. Wazazi wakajiuliza ya nini kuendelea kumtesa. Lakini dawa ya kipindi hiki haimezwi kwa ajili ya ugonjwa unaoonekana. Inamezwa kwa ajili ya chembe chache zilizojificha, ambazo zikiachwa zitazaliana tena, na ugonjwa unaporudi huwa mgumu kuliko wa mara ya kwanza. Pili, nauli ya kurudi hospitali hukosekana, na vidonge vikaisha kabla ya tarehe. Tatu, mama akasafiri kwenda msibani, na waliobaki nyumbani hawakuelekezwa. Nne, mtoto akatapika au akakataa, na mzazi akaona huruma. Tano, na hii yahusu sana wasikilizaji wa mazungumzo haya, baba akapewa uhamisho wa ghafula, familia ikapakia mizigo, na karatasi za hospitali zikabaki chini ya sanduku, mkoa mwingine, kilomita 800 kutoka kwa daktari anayemjua mtoto.

Askari anajua maana ya kukabidhiana lindo. Anayetoka hamwachii anayeingia maneno ya kubahatisha. Humwonyesha kilichopo, na hilo likaandikwa katika kitabu. Dawa ya mtoto wa saratani yataka utaratibu huo huo. Daftari la shilingi chache linatosha: tarehe, saa, jina la dawa, idadi ya vidonge, na jina la aliyetoa. Daftari hilo huzuia makosa mawili yanayopingana. Huzuia dozi kukoswa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ametoa, na huzuia dozi kutolewa mara mbili, na mama na shangazi, kwa sababu hiyo hiyo. Daktari naye akilifungua siku ya kliniki ataona ukweli badala ya kukisia, na kipimo cha dawa atakipanga juu ya ukweli huo.

Saa ya dawa iwe moja. Ikiwa merkaptopurini hutolewa saa mbili usiku, itolewe saa mbili usiku siku zote, baada ya taarifa ya habari au baada ya chakula, ili jambo moja likumbushe jingine. Dozi ikisahauliwa, isirudishwe kwa kutoa dozi mbili siku inayofuata. Iandikwe kwamba ilikosekana, na hospitali iulizwe la kufanya.

Namna ya kumpa mtoto dawa nayo ina adabu zake. Mtoto mchanga au mdogo hapewi dawa ya maji kwa kijiko cha jikoni, kwa sababu vijiko vya jikoni havina kipimo kimoja. Hupewa kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, lenye mistari ya kipimo, ambalo hospitali huweza kulitoa. Mtoto akae wima au apakatwe kichwa kikiwa juu, asilazwe chali. Ncha ya bomba iwekwe ndani ya shavu, wala isielekezwe kooni, na dawa isukumwe kidogo kidogo, akipewa nafasi ya kumeza. Kumbana pua na kummiminia kwa nguvu ni hatari, maana dawa yaweza kuingia katika njia ya hewa. Tena humfundisha kuiogopa kila jioni itakayofuata, na jioni hizo ni zaidi ya 700.

Wazazi wengi huchanganya dawa katika kikombe cha uji au maziwa. Nia yao ni njema, lakini mtoto akinywa nusu ya kikombe, amepata nusu ya dawa, na hakuna ajuaye ni nusu ipi. Ikiwa hospitali imekubali dawa ichanganywe na chakula, kiwe chakula kidogo cha kumalizika kwa mara moja, kama kijiko kimoja cha ndizi iliyopondwa. Mtoto mkubwa aweza kufundishwa kumeza kidonge kizima kwa mazoezi, akianza na kipande kidogo sana cha chakula na kuongeza ukubwa pole pole siku hadi siku. Asiambiwe kamwe kwamba dawa ni peremende. Mtoto aliyeambiwa hivyo ataitafuta siku mama asipokuwapo, na atamgawia na mdogo wake.

Vidonge vya saratani havisagwi wala kuvunjwa nyumbani ila kwa maelekezo ya mfamasia. Vumbi lake ni kali. Dawa inayoua chembe za saratani yaweza pia kudhuru chembe nzuri za mtu asiye mgonjwa, na hasa mimba iliyo tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito au anayenyonyesha asivishike vidonge hivyo kwa mikono mitupu, na vyema zaidi kazi hiyo ishikwe na mtu mwingine. Atakayeshika avae glavu na anawe mikono kwa sabuni baadaye. Glavu hutakiwa pia wakati wa kusafisha matapishi, mkojo na nguo za mtoto katika siku anazomeza dawa hizo na siku mbili zinazofuata. Mahali pengi hapa ndipo baba apaswapo kuingia. Kumpa mtoto dawa si kazi ya wanawake peke yao, na hakuna cheo kinachopungua kwa afisa kushika bomba la dawa na daftari.

Yako makosa matatu ambayo huua, na kila moja lahitaji kutajwa kwa jina.

La kwanza ni metotreksati. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Mtu aliyezoea vidonge vya kila siku, akiisoma karatasi kwa haraka, aweza kuitoa kila siku. Kosa hilo huharibu kinywa na matumbo kwa vidonda, huizuia mifupa kutengeneza damu, na laweza kumwua mtoto katika muda mfupi. Familia ichague siku moja ya wiki, iiandike kwa herufi kubwa juu ya kifuko cha dawa, na ivitenge vidonge hivyo mbali na vile vya kila siku.

La pili ni homa. Mtoto anayemeza dawa hizi ana kinga ndogo ya mwili. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, ambayo kwa mtoto mwingine ingesubiri asubuhi, kwake ni hali ya hatari ya saa ile ile. Asipewe parasetamoli na kulazwa ili ionekane kama itashuka, kwa sababu parasetamoli huificha homa na maradhi yakaendelea kupanda ndani. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na anayempeleka aseme neno la kwanza mlangoni: mtoto huyu yuko katika matibabu ya saratani.

La tatu ni kutapika. Mtoto akitapika baada ya kumeza dawa, mzazi hujikuta katika njia panda: arudie au asirudie? Jibu hutegemea dawa yenyewe na dakika zilizopita, na hospitali ndiyo yenye jibu. Namba ya simu ya wodi iandikwe katika jalada la kwanza la daftari, siku mtoto anaporuhusiwa, wala si siku tatizo linapotokea. Na dawa nyingine yoyote, iwe ya malaria, ya kikohozi au ya mitishamba, isiongezwe kabla ya daktari kuambiwa, kwa kuwa ziko dawa ambazo zikikutana tumboni huongezeana nguvu kupita kiasi au huondoleana nguvu.

Si kila mtoto hupona, na ukweli huo usifichwe. Kwa mtoto ambaye ugonjwa umemshinda, na kwa yule ambaye bado anatibiwa lakini ana maumivu makali, Uganda imeonyesha njia nyingine ya dawa ya kunywa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Kampala huduma iitwayo Hospice Africa Uganda. Humo mofini ya unga huchanganywa na maji safi ikawa dawa ya kunywa ya bei nafuu, inayotiwa rangi tofauti ili nguvu tofauti zisichanganyike: ya kijani ni hafifu, na nyingine ni kali zaidi. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa sababu madaktari hawakutosha kufika vijijini. Mtoto aliyekuwa akilia usiku kucha huweza kulala, kula kidogo, na kuzungumza na ndugu zake. Mofini itolewayo kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu ya saratani haimfanyi mtoto kuwa mlevi wa dawa. Hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, pasipo kungoja maumivu yarudi, na pamoja nayo hutolewa dawa ya kulainisha choo.

Hapa Jeshi la Polisi linaguswa moja kwa moja. Mofini ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa na sheria, na ni wajibu wa polisi kuizuia isiangukie mikononi mwa wafanyabiashara wa dawa za kulevya. Lakini mama anayepanda basi na chupa yenye maandishi ya hospitali, jina la mtoto, kipimo na tarehe, si mfanyabiashara huyo. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani ana haki ya kuuliza na kusoma karatasi. Akiona jambo la shaka, aipigie simu hospitali iliyoandikwa. Asiimwage dawa, asiifungue kuinusa, wala asimcheleweshe mwenye nayo kupita haja. Chupa ikimwagwa barabarani saa kumi jioni, yupo mtoto atakayelia usiku huo mpaka asubuhi, na kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa barua ya kuomba radhi.

Liko na jambo la upatikanaji wa dawa zenyewe. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wenye shabaha ya kuwaponya watoto wa saratani wasiopungua 60 katika kila 100 duniani ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na hospitali ya watoto ya St. Jude ya Marekani, lilitangaza utaratibu wa kupeleka dawa bora za saratani ya watoto katika nchi zisizo na uwezo mkubwa. Zambia, jirani wa Tanzania upande wa kusini magharibi, ni miongoni mwa nchi zilizochaguliwa kuanza nazo. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo ziwakumbushe askari wa mipakani na maofisa wa upelelezi kwamba palipo na upungufu wa dawa halali, dawa bandia hutafuta njia. Kidonge cha bandia cha homa ni wizi. Kidonge cha bandia cha saratani ya mtoto ni mauaji yasiyo na mlio. Mzazi naye asinunue dawa hizi kwa mtu asiyejulikana eti kwa kuwa za hospitali zimekwisha. Arudi hospitali, hata mikono mitupu, aseme zimekwisha.

Tanzania inayo hospitali zinazotibu watoto hawa, zikiwamo Muhimbili Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Madaktari na wauguzi wake wanafanya kazi ile ile inayofanywa Mulago, na wanakutana na tatizo lile lile: mtoto aliyeondoka akiwa na nafuu na asirudi. Kwa hiyo somo la Uganda si la kusikilizwa na kusahauliwa.

Kamanda wa kikosi, au mkuu wa kituo, aweza kuokoa maisha ya mtoto bila kutumia senti ya serikali. Askari wake akileta karatasi ya hospitali inayoonyesha tarehe za kliniki za mwaka mzima, tarehe hizo ziingizwe katika orodha ya zamu mapema, kama zinavyoingizwa tarehe za mafunzo. Uhamisho ukiwa lazima, askari apewe muda wa kwenda kwanza hospitalini kuchukua barua ya kumkabidhi mtoto kwa daktari wa mkoa mpya, pamoja na dawa za kutosha kumvusha safari. Tabibu wa kikosi alijue jina la mtoto huyo, ajue kwamba homa yake haingoji asubuhi, na gari la usiku liwe na dereva anayelijua jambo hilo.

Jirani wa kota naye anayo sehemu yake. Saratani haiambukizi. Mtoto mwenye saratani haambukizi wenzake ugonjwa huo kwa kucheza nao, kula nao wala kulala chumba kimoja nao. Ni yeye anayepaswa kulindwa na mafua, surua na tetekuwanga ya wengine. Anayesambaza uvumi kwamba nyumba ile imelogwa humsukuma mama kuacha vidonge na kukimbilia kwa mpiga ramli, na huenda siku mbili za mwezi zikawa siku kumi.

Ndugu wasikilizaji, nidhamu mara nyingi husifiwa gwarideni, ambako wengi huitazama. Nidhamu ya nyumba yenye mtoto wa saratani haina wa kuitazama. Ni baba aliyerudi kazini usiku akiwa amechoka, anayeuliza kabla ya kuvua buti: dawa imetolewa? Nani ametoa? Imeandikwa? Nyumba ambayo maswali hayo matatu huulizwa kila jioni, kwa miaka miwili au mitatu, imempa mtoto wake nafasi kubwa kabisa ya kukua mpaka naye aulizwe anataka kuwa nani.